Uliza Tujibu: Mkaguzi wa reli alitoka wapi, na kwanini ripoti yake lazima tuione

Barua za reli zimejaa mezani na sababu inajulikana, habari ya reli ya Mtwara mpaka Mbamba Bay inazungumzwa kila kijiwe kuanzia bandarini mpaka Masasi, na ukizisoma hizi barua unaona watu wameshavuka hatua ya kuuliza itakuja lini, saivi wanauliza ikija nani atatulinda. Nimechagua zile zinazogusa jambo hilo, nyingine zitasubiri toleo lijalo.

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mimi ni mwalimu wa historia sekondari, niko Masasi. Tunafundisha kwamba reli za mwanzo kule Uingereza zilikuwa za makampuni ya watu binafsi, serikali haikuweka hata taruma moja. Wanafunzi wakanibana, mwalimu kama reli ni mali ya mtu, serikali ilipitia mlango gani kwenda kumwambia treni yako iende hivi isiende vile? Nimewaahidi jibu. Naomba unisaidie. (Mwalimu, Masasi)

JIBU: Mwalimu wangu, kwanza wape hongera hao watoto, manake swali lao ndo lililowasumbua wabunge wa London karibu miaka sitini.

Mlango wenyewe ulikuwa ardhi. Kampuni ikitaka kupitisha reli toka mji mmoja mpaka mwingine inakutana na mashamba ya watu, na wapo wasiotaka kuuza hata kwa dawa, kwahiyo ilibidi iende Bungeni kuomba sheria yake maalumu ya kuipa nguvu ya kuchukua ardhi hata kama mwenyewe hataki. Kila reli ilizaliwa na sheria yake. Sasa ukishamwomba Bunge akupe nguvu ya kuchukua shamba la mwenzio huwezi tena kusimama kesho ukasema haya ni mambo yangu binafsi msiniingilie, na hoja hiyo wabunge waliokuwa wanataka usimamizi waliitumia vizuri tu.

Lakini haikuwa haraka. Reli ya Liverpool na Manchester ilizinduliwa tarehe 15 Septemba 1830, Waziri Mkuu Duke of Wellington yupo, bendi zipo, treni ikasimama njiani kuchukua maji na wakubwa wakashuka japo walishaambiwa wasishuke. William Huskisson, mbunge wa Liverpool, akaenda kumsalimia Waziri Mkuu dirishani, mara kichwa cha treni kinaitwa Rocket kinakuja kwenye njia ya pili, akababaika, kikampanda mguu, usiku uleule akafariki. Mbunge anakufa siku ya uzinduzi mbele ya Waziri Mkuu na bado ilipita miaka kumi mizima bila sheria ya jumla ya usalama wa reli! Watu wengi na wenye pesa zao waliamini kabisa kwamba kampuni haiwezi kuua abiria wake kwasababu itakosa biashara, basi inatosha, mwenye mali atajilinda mwenyewe.

Na enzi hizo mtu akiuawa na treni sheria ilifanya nini? Hapa mwalimu waambie wanafunzi wakae vizuri. Kulikuwa na sheria ya zamani sana kwamba kitu chochote kikimuua mtu, iwe mkokoteni, ng'ombe au kisu, baraza la kuchunguza kifo linakipangia thamani na mwenye nacho anailipa kwa mfalme. Treni zilipokuja, mabaraza ya vijijini yakaanza kuvitoza vichwa vya treni, na baraza moja mwaka 1841 lilipanga pauni 1,000. Fedha hizo hazikuwa za mjane wala yatima. Sheria ile ilifutwa mwaka 1846, na mwaka huohuo ndo ikaja sheria ya kuiwezesha familia ya marehemu kudai fidia kwa aliyesababisha kifo.

Haya sasa mwaka 1840. Bunge likapitisha sheria ya kwanza ya kusimamia reli zote, chini ya Bodi ya Biashara ambayo ilikuwa kama wizara. Kampuni inatakiwa itoe taarifa kabla haijafungua njia mpya, iripoti ajali zilizojeruhi watu, na iwaruhusu wakaguzi wa serikali waingie relini na kukagua. Wakaguzi wakachukuliwa jeshini, kikosi cha wahandisi, wa kwanza ni Sir Frederic Smith. Kwanini jeshini? Kwasababu wahandisi wa reli wenye akili karibu wote walishaajiriwa na makampuni, wangejikaguaje, ila mwanajeshi alijua madaraja na ujenzi na hakuwa anasubiri bahasha toka kwa yeyote. Na sheria ikaongeza kifungu ambacho mimi kila nikikisoma nakipenda, kwamba mtu aliyekuwa mkurugenzi au mwenye cheo cha kulipwa kwenye kampuni ya reli ndani ya mwaka mmoja uliopita hafai kuwa mkaguzi. Ni 1840 hiyo! Kwa maoni yangu kifungu hicho kina uzito kuliko vingine vyote, manake mkaguzi asiyemwogopa bosi wa reli hata akiwa hana nguvu kubwa bado atasema kweli, na mwenye nguvu zote lakini jana alikuwa analipwa mshahara na kampuni, huyo atakagua nini.

Nguvu zenyewe zilikuwa ndogo kweli. Mkaguzi aliweza kuona daraja bovu na kuandika ni bovu lakini kuzuia lisifunguliwe hakuweza, mpaka sheria ya 1842 ilipompa Bodi uwezo wa kuahirisha ufunguzi. Na njia ikishafunguliwa ndo basi, hakuna amri tena, kilichobaki ni kuchunguza ajali na kuandika ripoti. Sasa usidharau ripoti mwalimu. Zilikwenda Bungeni, zikachapishwa, magazeti yakanakili, na kampuni zilikuwa zinauza hisa, jina likichafuka na hisa zinashuka.

Mfano mzuri ni Sonning, magharibi ya London, alfajiri ya tarehe 24 Desemba 1841. Treni ya kampuni ya Great Western ilitoka London imebeba mizigo na abiria wa daraja la tatu, wengi wao mafundi waashi waliokuwa wanajenga jengo jipya la Bunge, wanarudi makwao kwa Krismasi. Hawa watu walipakiwa kwenye mabehewa ya wazi, hayana paa, kuta zake zimefika kama sentimita 60 tu, yaani mtu mzima akisimama ukuta hauvuki magoti kwa mbali, na mabehewa hayo yalifungwa mbele karibu na kichwa cha treni, mizigo mizito ikafuata nyuma yao. Mvua ilikuwa imelainisha kingo za mtaro ambao reli inapita, udongo ukaporomoka juu ya njia, kichwa kikajichimbia humo na mizigo ya nyuma ikaja ikawabana waliokuwa katikati. Wanane walikufa palepale na wa tisa baadaye. Wangefunga mizigo mbele na watu nyuma wengi wangesalimika, lakini nani alijali, ni daraja la tatu.

Baada ya hapo swali la daraja la tatu halikuzimika tena. Mwaka 1844 William Gladstone, aliyekuwa anaongoza Bodi ya Biashara, akapitisha sheria kwamba reli mpya za abiria lazima ziendeshe angalau treni moja kila siku kila upande, isimame stesheni zote, mwendo usipungue maili 12 kwa saa, nauli isizidi peni moja kwa maili, na mabehewa yawe na viti na kinga ya mvua na upepo. Hapo ndo fundi mwashi akapata paa juu ya kichwa. Na hilo nalo ni jibu kwa wanafunzi wako, serikali ikishaingia kwa ajili ya usalama haichelewi kukutana na nauli, na saa za treni, na heshima ya abiria maskini, haviachani hivo vitu.

SWALI: Kaka mhariri salamu. Mimi dereva, napiga Songea Mtwara na makaa ya mawe ya Ngaka. Gari zetu hizi upepo ukiisha breki zinashika zenyewe, gari haliendi, hata ukililia. Swali langu, treni nazo ziko hivo? Maana nakumbuka ile ajali ya Igandu treni ilirudi nyuma yenyewe mpaka ikaua mamia. Na kama breki za kujishika zipo toka zamani nani wa kwanza alilazimisha? (Dereva, Mtwara mjini)

JIBU: Kaka, pole na safari na ile barabara. Jibu fupi ni ndio, breki za treni ya abiria leo zinatakiwa ziwe hivohivo kama za lori lako, bomba likikatika au mabehewa yakiachana basi kila behewa linajishika lenyewe. Jibu refu ni kwamba walikufa watoto wengi kabla jambo hilo halijawa sheria, na naomba unisome mpaka mwisho kwasababu wewe utalielewa kuliko wengine.

Tarehe 12 Juni 1889, mji wa Armagh, Ireland, ambayo enzi hizo ilikuwa chini ya Bunge lilelile la London. Shule ya Jumapili ya kanisa la Methodisti imeandaa safari ya kwenda ufukweni Warrenpoint, watoto na wazazi na walimu wamejaa, mabehewa 15, na milango imefungwa kwa ufunguo ili wasio na tiketi wasidandie. Kichwa kilicholetwa hakikutosha kwa mzigo ule, kilipofika kwenye kilima kikashindwa, treni ikasimama kabla ya kilele. Mkubwa wa msafara akaamua waikate treni vipande viwili, wapeleke kwanza ile ya mbele mpaka stesheni inayofuata halafu kichwa kirudi kuchukua mabehewa kumi ya nyuma.

Sasa sikiliza breki zilivyokuwa. Treni ilikuwa na breki za vakyumu, yaani zinazoshika kichwa kikinyonya hewa kwenye bomba, ila za aina ile ambayo inashika pale tu behewa likiwa limeunganishwa na kichwa. Ukikata bomba, breki imekufa. Ni kinyume kabisa na lori lako, la kwako likikosa upepo linashika, ile ikikosa kichwa inaachia. Kwahiyo walipokata, mabehewa kumi yenye mamia ya watu yakabaki mlimani yameshikwa na breki moja ya mkono kwenye behewa la gadi, yaani msimamizi wa treni, na mawe waliyookota kando ya reli wakayaweka nyuma ya magurudumu. Mawe kaka! Dereva wa mbele alipotaka kuondoka treni yake ikarudi nyuma kidogo tu, kidogo sana, ikagusa yale ya nyuma, magurudumu yakasaga mawe na breki ya mkono ikashindwa. Mabehewa yakaanza kuteremka kurudi Armagh, polepole kwanza, watu wakakimbia pembeni wanajaribu kuweka mawe mengine, halafu yakawashinda.

Na huku nyuma tayari treni nyingine ya abiria inapanda. Iliruhusiwa kwa saa, yaani stesheni masta anaangalia dakika ngapi zimepita toka ya kwanza iondoke, zikitimia anaachia ya pili, hana habari kama ya kwanza imefika au imekwama. Walikutana hapo. Watu 80 walikufa wakiwemo watoto wengi mno, na wengine mamia wakaumia, na wengi hawakuweza hata kuruka kwasababu ya ile milango.

Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba hakuna kilichotokea Armagh ambacho wakaguzi hawakuwa wamekiandika. Breki za kujishika zilikuwepo toka miaka ya 1870, George Westinghouse wa Marekani alishatengeneza ya upepo, na mwaka 1875 kule Newark, Uingereza, walizishindanisha aina mbalimbali za breki mbele ya wataalamu. Mwaka wa 1878 Bunge lilipitisha sheria kuzilazimisha kampuni ziwe zinaripoti treni zao zina breki za aina gani, ziripoti tu, zisilazimishwe kufunga. Wakaguzi wakawa kila ajali wanaandika, fungeni breki za kujishika, acheni kuachia treni kwa saa. Kampuni nyingi zilitii maana aibu ya ripoti ilifanya kazi, tena niseme wazi reli kubwa nyingi zilikuwa zimeshabadilika kabla ya sheria. Ila zile zilizobaki zilikuwa na hoja mbili, moja ya gharama na ya pili ambayo ilikuwa na nguvu hata serikalini, kwamba serikali ikianza kuamrisha kila kitu basi ajali ikitokea lawama itahamia serikalini na mwenye reli ataosha mikono. Hoja siyo ya kijinga. Lakini ilibebwa kwa miaka mingi mno, na waliolipa bei ni watoto wa Armagh.

Baada ya ajali haikuchukua hata miezi mitatu. Mwezi Agosti mwaka huohuo wa 1889 sheria ikapita, na safari hii Bodi ya Biashara ikapewa meno ya kuamrisha. Kwanza, reli igawanywe vipande na kipande kimoja kisiwe na treni mbili kwa wakati mmoja, mambo ya kuachia kwa saa yakaisha. Pili, ishara na pointi, yaani pale reli inapogawanyika na treni kuhamishiwa njia nyingine, zifungamanishwe kiasi kwamba anayezivuta hata akitaka kukosea mtambo unamkatalia, huwezi kutoa ishara ya kupita huku pointi ziko upande mwingine. Tatu, treni zote za abiria zifungwe breki zinazofika kila behewa na zinazojishika zenyewe mabehewa yakiachana.

Umeitaja Igandu. Ilikuwa tarehe 24 Juni 2002, mkoa wa Dodoma, treni ya abiria ilirudi nyuma kwenye mteremko kwa kasi ikaigonga treni ya mizigo, watu 281 wakafariki. Ni miaka 113 baada ya Armagh. Wewe dereva unajua, gari linaweza kuwa na mfumo mzuri kuliko yote lakini kama bomba linavuja na hakuna aliyelitazama asubuhi, mfumo ule ni jina tu. Kwenye treni ni vilevile, breki zinatakiwa zipimwe kabla ya kuondoka, behewa la mwisho kabisa lijaribiwe kama linashika na kuachia, tena kila mabehewa yakipangwa upya zinapimwa upya. Siyo kazi ya kuonekana, abiria hata hajui kama imefanyika, na ndo maana lazima awepo mtu wa nje anayekuja kuangalia bila kupiga simu kwanza.

SWALI: Mwanangu kapanda treni ya umeme Dar kwenda Dodoma kanisimulia milango inajifunga, abiria hafungui mpaka stesheni. Roho yangu haikukaa sawa. Moto ukiwaka je? (Mama, Lindi)

JIBU: Shikamoo mama. Wasiwasi wako una historia. Tarehe 8 Mei 1842 treni ilikuwa inawarudisha watu Paris toka kwenye sherehe za mfalme pale Versailles, ekseli ya kichwa cha mbele ikavunjika, mabehewa yakapandana juu ya moto wa vichwa, na abiria walikuwa wamefungiwa kwa ufunguo toka nje kama ilivyokuwa desturi. Zaidi ya watu 50 waliungua humo, mmoja wao nahodha maarufu Dumont d'Urville aliyefika bahari ya Antaktika, yeye na mkewe na mtoto wao. Ufaransa ikaacha kuwafungia abiria. Ila Armagh miaka 47 baadaye bado walifunga, yaani somo la nchi moja lilikuwa halivuki bahari.

Uingereza wao walikuja kuhangaika na jambo linalofanana baada ya mfanyakazi wa benki Thomas Briggs kuuawa na mwizi ndani ya chumba cha treni mwaka 1864, hakuwa na namna ya kumwita mtu, na sheria ya 1868 ikasema treni inayokwenda zaidi ya maili 20 bila kusimama iwe na njia ya abiria kumwita gadi. Treni za kisasa milango yake inafungwa kwa mtambo lakini huwa kuna kifaa cha kufungulia wakati wa dharura, na kuna kitufe cha kuongea na wahudumu. Mwambie mwanao siku nyingine akikaa tu amuulize mhudumu kiko wapi, asione aibu, ni haki yake.

SWALI: Mimi ni mzee wa Nachingwea. Nilipanda treni ya hapa kwetu utotoni, ile ya karanga, kabla hawajaing'oa. Nataka kujua enzi zile nani alikuwa anakagua, na hawa wa leo tutawaamini vipi? Akishapitisha mkaguzi ndo mambo yameisha? (Mzee, Nachingwea)

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Vijana wengi wanaosoma hapa hawajui kama Kusini tumewahi kuwa na treni, kwahiyo wacha niwaambie. Serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga baada ya vita, sehemu mojawapo ikiwa Nachingwea, reli ikajengwa toka Mkwaya karibu na Lindi, ikafunguliwa 1949, baadaye ikaunganishwa na bandari mpya ya Mtwara. Mradi wenyewe ulikufa 1951 na reli ikabaki haina mzigo wa kutosha, mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikafungwa na vyuma vikaondoka. Iliendeshwa na shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, chombo cha serikali zenyewe chini ya Kamisheni Kuu ya Afrika Mashariki. Maana yake mzee, kwetu hadithi haikuwa kama ya mwalimu wa Masasi, kampuni huku na serikali kule. Mwenye treni alikuwa serikali, na mwenye kusimamia naye serikali.

Leo imetenganishwa. Shirika la Reli, TRC, linaendesha, na LATRA iliyoundwa kwa sheria ya 2019 kuchukua nafasi ya SUMATRA upande wa nchi kavu ndo msimamizi. Nalipongeza hilo kwa dhati, kwasababu ni wazo lilelile la 1840, anayekagua asiwe anayeendesha.

Ila swali lako la mwisho mzee ni zito. Hapana, mambo hayaishi. Daraja la mto Tay kule Uskoti lilikuwa refu kuliko madaraja yote duniani, Februari 1878 mkaguzi wa Bodi ya Biashara, Jenerali Hutchinson, akalikagua siku tatu, akapitisha vichwa vizito juu yake, akalipasisha. Aliandika kwamba angependa akipata nafasi aone upepo mkali unafanya nini treni ikiwa darajani. Nafasi hiyo hakuipata. Usiku wa tarehe 28 Desemba 1879 dhoruba iliangusha sehemu ya kati ya daraja treni ikiwa juu, hakupona hata mmoja. Uchunguzi ukafanywa hadharani, mmoja wa watatu waliochunguza ni William Yolland mkaguzi mkuu wa reli mwenyewe, na ikasemwa wazi kwamba daraja lilisanifiwa vibaya, likajengwa vibaya na likatunzwa vibaya, na kwamba nguvu ya upepo mbunifu hakuiwekea hesabu. Baada ya hapo madaraja ya reli yakawekewa kiwango cha upepo ambacho lazima yahimili.

Mzee unaona walichofanya? Ofisi yao wenyewe ndo ilipasisha daraja, na bado ripoti ikatoka watu wakaisoma. Huko ndiko imani inakojengwa. Na sisi Kusini tuna jambo letu la kuuliza mapema, mafuriko ya Mei 2024 kile kipindi cha kimbunga Hidaya yalikata barabara ya Lindi kwenda Dar pale Somanga, malori na mabasi yakakwama siku kadhaa, wote tuliona. Reli ya Mbamba Bay itavuka mito na mabonde mengi mpaka Ziwa Nyasa. Wakija kwenye mikutano ya vijiji, nyie wazee msiulizie fidia ya mikorosho peke yake ingawa nayo ni muhimu sana, waulizeni makalavati yamepimwa kwa mvua ya mwaka gani, na ripoti ya mkaguzi kabla ya kufungua njia tutaisoma wapi. Nyie ndo mnajua maji yanapita wapi, mhandisi anakuja kiangazi anakuta bonde kavu.

SWALI: Niko Newala nina miaka 22, nimesoma VETA umeme wa magari. Reli ikija nataka kuomba kazi huko. Ni kazi ya hatari? (Kijana, Newala)

JIBU: Mdogo wangu, omba kabisa. Ni ya hatari lakini siyo kama zamani, na tofauti hiyo haikuja kwa bahati. Marekani miaka ya nyuma mabehewa ya mizigo yaliungwa kwa pete na pini, kijana anasimama katikati ya mabehewa mawili yanayokaribiana, anaiongoza pete kwa mkono na kudumbukiza pini, akichelewa nukta moja vidole havipo. Kusimamisha treni nako walitembea juu ya paa za mabehewa usiku kwenye barafu wakikaza breki moja baada ya nyingine. Mkulima mmoja wa Iowa, Lorenzo Coffin, alimwona kijana anapoteza vidole hivohivo, akaacha shughuli zake akawa anazunguka kwenye mikutano na kuandikia magazeti miaka na miaka, hakuwa hata mtu wa reli. Mwaka 1893 Rais Benjamin Harrison akasaini sheria ya kulazimisha breki za upepo na viungio vinavyojifunga vyenyewe mabehewa yakigusana. Kampuni ziliomba kuongezewa muda na zikapewa mpaka 1900.

Kwahiyo siku ukienda kwenye usaili uliza mambo mawili. La kwanza nani anaruhusiwa kuingia kati ya mabehewa na kwa utaratibu gani, sehemu yenye nidhamu watakujibu bila kufikiri. La pili masaa ya zamu. Uingereza walitunga sheria ya masaa ya wafanyakazi wa reli 1893 na Marekani 1907 wakaweka mwisho saa 16 mfululizo kwa wafanyakazi wa treni, ambazo kwa leo ni nyingi mno lakini kabla yake kulikuwa hakuna mwisho wa nchi nzima na watu walisinzia kazini. Uliza zamu ni ya saa ngapi, mapumziko kati ya zamu na zamu ni saa ngapi, na je imeandikwa kwenye mkataba au ni maneno ya msimamizi. Na hiyo VETA yako ya umeme usiidharau, treni hizi mpya ni umeme mtupu, chukua cheti chako kipigie kopi za kutosha na uanze kufuatilia matangazo ya kazi ya TRC kuanzia sasa.